Kijiji Kilichouzwa kwa Jogoo Mmoja

Siku ya kwanza Zaitun kukutana na Bilali, Bilali alikuwa amelala chali katikati ya barabara ya Namilungo, mwiko wa kujengea juu ya kifua, macho kayafumba kama maiti. Dereva akakanyaga breki. Kenta, lori dogo la mizigo, likasimama hatua tatu kutoka kwenye nyayo zake.

"Huyu kafa au kalewa?" dereva akauliza.

"Maiti hajikuni," Zaitun akasema. Alikwisha kuona dole gumba la mguu wa kulia likisugua la kushoto.

Zaitun ni mzaliwa wa Nkowe, upande wa Ruangwa. Alianza biashara na ndoo moja ya dagaa kichwani, akafika kwenye kenta lake mwenyewe, la kununulia makopa, yaani mihogo mikavu, na mahindi vijijini na kuyauza Nachingwea mjini. Vizuizi vya njiani alivijua vyote: geti la ushuru, mgambo wenye njaa, daraja lililokatika. Cha mtu kujitandika barabarani alikuwa hajakutana nacho. Akashusha kioo.

"We mzee, toka njiani."

"Nani anaongea hapo?" mzee akauliza bila kufumbua macho. "Nasikia harufu ya Mmwera."

"Mmwera wa Nkowe. Kwani vipi?"

"Basi nizikeni. Mmwera kafika na gari tupu, na mimi Myao nina ukuta unaokosa mchanga. Nishakufa kwa uchungu."

Hapo Zaitun akaelewa, maana kwao pia Wayao ni watani. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako, anakunyang'anya kofia, anakutoza faini ya kosa ambalo hukulifanya, na kununa huruhusiwi. Ukinuna ndiyo umeshindwa. Dawa ni kumrudishia tusi lake, kisha mpatane.

Wakapatana kwa robo saa, mmoja dirishani, mwingine bado yuko chini. Bilali alitaka tripu kumi za mchanga na mawe kwa ajili ya zahanati ya kijiji. Zaitun akasema moja. Bilali akasema nane, na kwamba kwa hizo mbili alizopunguza atamsamehe sura yake. Zaitun akasema mbili, na asipoondoka atamkanyaga mguu mmoja ili awe na sababu ya kuitumia hiyo zahanati. Waliokuwa wanatazama wakapiga vigelegele. Mwisho ikawa tripu tano, na kijiji kimpe Zaitun kiwanja cha duka ubavuni mwa zahanati, hatua ishirini kwa kumi na tano.

"Nataka maandishi," Zaitun akasema.

"Mmwera hata usingizi wake anataka uandikwe," Bilali akasema, lakini akanyanyuka, akajipangusa vumbi, na karatasi ikaandikwa. Rahimu, mwenyekiti wa kijiji, akaisaini na kuigonga muhuri.

Zaitun aliondoka akiamini kamshinda. Zahanati ina akina mama, akina mama wana watoto, watoto wanataka maandazi na wazazi wanataka sabuni. Hesabu ilikuwa nzuri. Ilikuja kuharibika aliposhuka mtoni kufuata huo mchanga, akakuta mteremko wa kuvunja mgongo. Tripu ya tatu ikakata springi. Alipolalamika, Bilali akamwambia mteremko ule ulikuwepo tangu enzi za babu yake, isipokuwa hakuna aliyemuuliza.

Kuanzia hapo Zaitun akawa anamtazama mtu yule kwa jicho la mfanyabiashara anayemtazama mwenzake.

Bilali alikuja Namilungo kutoka pande za Tunduru miaka thelathini nyuma. Aliitwa kujenga msikiti, kazi ya mwezi mmoja. Msikiti ukaisha, yeye akabaki. Akamwoa Ashura, binti wa hapo hapo, na nyumba yao ikawa nyumba pekee ya Myao katika kijiji cha Wamwera watupu. Mwingine angejiona mgeni. Bilali aliona soko halina mshindani. Kijiji kizima kilikuwa na mtani mmoja, naye ndiye yeye. Msibani ndiye aliyeingia kaburini kabla ya maiti na kugoma kutoka mpaka alipwe, watu wacheke, wafiwa wapate kumeza tonge. Harusini ndiye aliyemkamata bwana harusi mlangoni akidai anamjua, ni mwizi wa kuku. Wagombanao mipaka ya mashamba aliwakalisha pamoja, akawatukana wote wawili kwa zamu mpaka wakaungana dhidi yake, na ugomvi ukaishia hapo.

Hata zahanati ilisimama kwa utani. Mpango wa miradi hii unajulikana: wananchi wanapandisha boma kwa nguvu zao, yaani kuta mpaka usawa wa lenta, kisha halmashauri inapaua na kumalizia. Kila kaya ya Namilungo ilitakiwa kutoa matofali mia moja ya kuchoma. Mtendaji wa kijiji aliandika barua, zikatoka kaya tisa. Bilali akaingia kazini. Nyumba ambayo haijaleta matofali, alfajiri mwenyewe alimkuta Bilali kakaa kibarazani na kanga ya mkewe kichwani, analia kwa sauti: "Jamani, mwenye nyumba hii kafa! Kafa kwa uvivu! Na alikuwa bado mdogo!" Majirani wakatoka kucheka. Jioni ya siku hiyo matofali yakawa yamefika. Akawafanyia hivyo miaka mitatu. Yeye mwenyewe alijenga kwa ujira wa ugali na mboga.

Boma likafika lenta. Vyumba saba, cha mwisho upande wa mashariki kikiwa cha kujifungulia, na dirisha pana kuliko yote. Mpaka wakati huo mwanamke wa Namilungo akishikwa na uchungu alipandishwa bodaboda kwenda kijiji cha Mtandale, kilomita kumi na nne, ng'ambo ya korongo linalojaa maji kila masika. Munira, binti wa Bilali, alijifungulia kwenye ukingo wa korongo hilo. Mtoto akaishi, lakini hakuna aliyetaka kurudia. Halmashauri ikaliweka boma kwenye orodha ya kupauliwa mwaka wa fedha unaofuata. Kilichobaki ilikuwa kusubiri bati.

Badala ya bati ikaja barua.

Barua ilisema kuna pendekezo la kupunguza idadi ya vijiji na kurekebisha mipaka ya halmashauri, ili gharama za uendeshaji zishuke. Namilungo, iliyo wilaya ya Nachingwea, iunganishwe na Mtandale, iliyo Ruangwa. Kijiji kiwe kimoja, makao makuu yawe Mtandale, na chote kiwe Ruangwa. Kamati itapita kukusanya maoni ya wananchi, na hakuna litakalofanyika bila maoni hayo.

Rahimu alipomsomea Zaitun barua hiyo dukani kwake mjini, Zaitun aliuliza maswali mawili tu.

"Mtandale si wana zahanati?"

"Wanayo."

"Kijiji kimoja kinajengewa zahanati ngapi?"

Rahimu akakunja barua. "Ndiyo maana nimekuja."

"Basi msijadili mipaka wala ukabila wala nani kahamia wapi. Semeni jambo moja: tuna boma, tunataka bati, hatuhami mpaka tupate bati. Mkisema mambo kumi wataandika lile jepesi."

Ushauri huo ulifika kijijini na ukakubaliwa. Kwa kuwa kamati ilikuwa imetangulia kusema kila kijiji kichague msemaji mmoja, maana kwa siku watapita vijiji vinne, Namilungo haikuhitaji hata kupiga kura. Nani mwingine mwenye ulimi? Wakamchagua Bilali.

Siku ya mkutano kamati iliahidi kufika saa tatu asubuhi, ikafika saa tisa na nusu alasiri. Magari mawili, watu sita, nyuso za watu waliokula vumbi tangu alfajiri. Mwenyekiti wao, bwana mmoja mnene aliyeitwa Filbert, alitazama saa kabla hajawatazama wananchi. Katibu alikuwa Teodosia, mama mwembamba wa kutoka Sumbawanga, na fomu zake kazipanga kwenye kibao cha kuandikia. Zaitun alikuwepo pia. Alisema kaja kupakia mahindi, na mahindi kweli yalikuwepo, lakini alijisogeza mpaka mstari wa mbele.

Bilali alisimama na kanzu safi. Akakohoa. Sasa, ieleweke namna mtani anavyoanza hotuba. Hawezi kuingia kwenye neno la maana moja kwa moja, kama mtu asiyebisha hodi. Kwanza anawatukana watani zake. Kisha anakaa. Anasubiri mmoja wao asimame amrudishie. Hapo mlango umefunguka, na sasa anasimama mara ya pili kusema lile lililomleta. Namilungo nzima ilijua hivyo. Hakuna aliyefikiri kuwa ni jambo la kumweleza mgeni.

"Waheshimiwa," Bilali akaanza, "mimi ndiye msemaji wa kijiji hiki. Nimeishi na hawa Wamwera miaka thelathini. Nimewachoka! Wachukueni. Wapelekeni Ruangwa, wapelekeni hata mbele ya Ruangwa, ilimradi nisiwaone."

Kicheko kikapasuka. Teodosia akainua kichwa. "Mzee, unazungumza kwa niaba ya kijiji?"

"Kwa niaba ya kijiji, na wao wenyewe wamenituma. Waulize."

"Ndiyooo!" watu wakajibu, wengine wakijifuta machozi.

"Na mnaomba chochote kama fidia?"

"Bei yao ni jogoo mmoja na debe la mihogo. Debe lisilojaa, maana Mmwera mwenyewe hajajaa."

Makofi, vigelegele. Bilali akakaa, akakunja mikono, anasubiri.

Rahimu akainuka, mwenyekiti wa kijiji, mtu mzima mwenye ndevu za mvi. Zamu ilikuwa yake. "Waheshimiwa, sisi tumekubali kuuzwa. Ila ukinunua Mmwera unapewa Myao wa nyongeza, bure. Mchukueni na huyu. Akiona kivuli chake anakiamkia, anadhani ni mgeni wa heshima."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Zaitun hakucheka. Mtu aliyeishi kwa kununua na kuuza haangalii midomo, anaangalia kalamu, na kalamu ya Teodosia ilikuwa inakwenda. Akanyoosha mkono.

"Wewe ni mkazi?" Filbert akamuuliza.

"Nina kiwanja hapa."

"Nimeuliza ukazi, mama."

"Mkazi wa mjini. Lakini huyu mzee hajamaliza..."

"Wasio wakazi wana siku yao," Filbert akasema. Akasimama, akashukuru wananchi kwa moyo wa uelewa na utulivu. Karatasi ya mahudhurio ikapita mkono kwa mkono, watu wakasaini huku bado wanacheka. Magari yakawashwa.

Bilali alikuwa amesimama tena, mkono juu, tayari kwa neno la pili. Akaona vumbi.

"Wanakwenda wapi?"

"Kuswali alasiri," mmoja akasema. "Watarudi."

Wakakaa pale mpaka jua lilipotua. Zaitun aliwaambia mara mbili kwamba hawarudi. Wakamwambia Mmwera wa Nkowe ana haraka.

Siku ya kumi matokeo yakabandikwa ofisi ya kata. Mstari wa Namilungo ulisomeka hivi: *Msemaji wa kijiji ameomba wananchi wahamishiwe Ruangwa. Mwenyekiti wa kijiji ameunga mkono. Wananchi wameafiki kwa makofi. Fidia iliyoombwa: jogoo mmoja, mihogo debe moja. Waliopinga: hakuna.*

Asubuhi iliyofuata Bilali alikuwa mlangoni kwa Zaitun mjini, miguu yote vumbi. Hakuwa na tusi hata moja.

"Nipeleke kwa yule mama wa kalamu," akasema.

Zaitun akampeleka. Hakumpeleka kwa huruma. Kiwanja chake kilikuwa kinaondoka na springi yake. Ofisi ya kamati Nachingwea waliikuta ina mlinzi mmoja na meza mbili. Kamati imehamia Ruangwa, wakaambiwa. Wakaenda Ruangwa. Kamati iko vijijini, wakaambiwa, rudini kesho. Wakalala kwa dada yake Zaitun Nkowe, kesho yake wakarudi. Waandike barua, wakaambiwa, ipitie kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti wa kijiji yuko Namilungo, na wao wako Ruangwa. Bilali akakaa kwenye ngazi, akauliza kwa nini barua iwe na miguu mingi kuliko mtu. Mwisho wa wiki ukapita, ndipo wakampata Teodosia, ukumbini, anakula karanga juu ya rundo la fomu.

Alimsikiliza Bilali mpaka mwisho. Kisha akatafuta fomu, akamsomea.

"Kuna neno hapa ambalo hukulisema?"

"Nimeyasema yote. Lakini ni utani, mama."

"Mzee wangu, hata kwetu Sumbawanga utani upo. Lakini kwenye mkutano wa serikali hatutaniani. Nikakuuliza: unazungumza kwa niaba ya kijiji? Ukaniambia niwaulize, wakajibu ndiyo. Mwenyekiti wako naye kasimama. Mimi nijue kipi ni cha kweli, nina kipimo?"

"La kweli lilikuwa linakuja. Nilikuwa nimekaa tu, nalisubiri."

"Kwenye fomu hakuna sehemu ya kukaa," Teodosia akasema, si kwa dharau. Alionekana amechoka kweli.

Zaitun akaona mahali pa kuingilia. "Dada, tusibishane lililoandikwa. Liache. Wewe unaweza kupokea nini kingine?"

Teodosia akafikiri. "Maoni ya nyongeza. Mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari, na sahihi za nusu ya watu wazima. Ninyi mko mia sita na kitu. Nileteeni mia tatu na ishirini. Dirisha linafungwa Ijumaa saa tisa."

"Tupe mpaka Jumatatu."

"Ijumaa."

"Jumamosi asubuhi, na sahihi mia mbili hamsini."

"Mama, hapa si mnadani."

Ilikuwa Jumatatu. Njia nzima ya kurudi Zaitun alikuwa anagawa kazi: nani apige mbiu, nani aandike majina, daftari la mistari mingapi. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Matofali maelfu kwa maelfu yalikusanywa, sahihi zitashindikana? Rahimu alikuwa amekwenda Lindi msibani, hatarudi mpaka Alhamisi. Mtendaji akasema kipaza sauti kipo, betri ipo, nani atatangaza? Bilali akakichukua mwenyewe. Zaitun alikuwa na mzigo wa makopa kijiji cha Lionja, akaondoka. Hilo ndilo kosa lake, na hajawahi kulikana.

Jumanne na Jumatano Bilali alizunguka Namilungo yote na kipaza sauti. "Njooni mkutanoni Alhamisi saa nne! Kijiji kimeuzwa kweli! Si utani! Nawaapia, si utani!"

Na watu wakacheka. Miaka thelathini mtu huyu amekuwa akilia vibarazani mwao kwamba wamekufa, halafu leo anasema si utani? Wanawake wakatoka na ndoo tupu kumpigia ngoma. Mmoja akamtupia jogoo wa kuazima. "Chukua bei yako, Myao!" Kadiri alivyoapa ndivyo walivyofurahi. Wengine hawakumsikia kabisa, walikuwa wamehamia mashambani kuokota korosho na kulinda mihogo dhidi ya nguruwe.

Alhamisi saa nne wakaja watu arobaini na saba.

Zaitun alipofika saa saba, akamkuta Bilali kasimama mbele ya viti vitupu, kipaza sauti mkononi, betri imekwisha. Hakupoteza muda kumlaumu. Akachukua daftari, akampandisha kwenye kenta, wakazunguka mashamba mpaka macho hayaoni mstari. Zikafika sahihi mia moja na kumi na nane. Ijumaa saa nane na nusu Teodosia akazihesabu mara mbili, kama mtu anayetamani zizidi. Akagonga muhuri wa kupokelewa.

"Nimepokea," akasema. "Lakini hazifiki."

"Andika basi kwamba msemaji alikuwa hajamaliza," Bilali akamwambia. "Neno hilo moja tu."

"Nikiandika hilo, mzee, kila kijiji nilichopita kitakuja kuniambia hakijamaliza."

Uamuzi ulipotoka, Namilungo ilibaki kuwa jina la vitongoji viwili vya kijiji kipya. Boma likaondolewa kwenye orodha ya kupauliwa: kijiji kina zahanati tayari, iko Mtandale.

Watu hawakumfokea Bilali. Mtani hafokewi. Rahimu, ambaye naye alikuwa na maneno yake kwenye fomu ileile, hakuyataja, na hakuna aliyemkumbusha. Walichofanya ni kingine, na hakuna aliyekipanga. Walianza kumheshimu.

Zaitun alikiona kwa macho yake, msibani, kwa mzee mmoja wa Kimwera aliyekuwa rafiki wa Bilali tangu siku za msikiti. Bilali alifika kama kawaida, akaingia kaburini, akajilaza, akasema hatoki mpaka alipwe, maana marehemu alikuwa na deni lake la matusi mawili. Akasubiri. Hakuna aliyecheka. Rahimu akasogea ukingoni, akainama kidogo.

"Shikamoo, fundi," akasema. "Tunaomba utupishe, tafadhali."

Bilali akajiinua kwa viwiko, na hakuna aliyempa mkono, wala aliyemsukuma. Akaenda kusimama nyuma. Tangu siku ile hata watoto walimwamkia na kupita.

"Wangenitukana," alimwambia Zaitun siku moja, wakiwa kwenye kivuli cha kenta. "Tusi moja tu ningepata pa kuanzia."

Zaitun alikuwa analitazama boma.

Alikuwa akilitazama tangu wiki ya uamuzi. Kuta za tofali za kuchoma, msingi wa mawe, barabara mlangoni. Akaenda Mtandale kwa viongozi wa kijiji kipya, waliokuwa hawajui walifanye nini, akawaambia boma lisilo na paa masika mbili tu linabaki kifusi. Yeye atalipaua kwa bati zake, alitumie kama ghala la makopa na mahindi kwa miaka kumi, alipe kodi ndogo, na serikali ikilihitaji atoke. Walivutana siku mbili. Akawashusha kodi, wakampunguzia miaka ikawa minane, wakasaini. Kiwanja chake cha duka kikaingizwa humo humo kama sehemu ya kugeuzia gari.

Wapo waliosema Namilungo kwamba Mmwera wa Nkowe kala nyama ya maiti. Zaitun hakubisha. Aliuliza ni nani mwingine alikuwa na bati.

Ikabaki fundi. Akaenda kwa Bilali akiwa amejiandaa, maana kumbishia bei mtu yule ilikuwa kazi ya nusu siku na kwa kweli ilikuwa inampendeza. Akamkuta kibarazani, Ashura anachambua mchele. Akamweleza: kupaua, milango miwili ya chuma, na madirisha yote yazibwe isipokuwa matundu ya hewa, maana makopa hayataki unyevu na wezi hawahitaji mlango, dirisha linawatosha.

"Na la chumba cha mashariki?" Bilali akauliza.

"Hilo kwanza. Ndilo kubwa."

Bilali akatazama mikono yake, akataja bei.

"Hiyo bei ya ghala au ya msikiti?" Zaitun akamrukia. "We Myao, utaniuzia na kivuli chako?"

Akasubiri tusi. Ashura naye akaacha mchele, akasubiri.

"Ndiyo bei, mama," Bilali akasema. "Ikiwa kubwa, Mtandale mafundi wapo."

Haikuwa kubwa. Ilikuwa bei ya fundi yeyote. Zaitun alitafuta pa kumshika, hakupaona, akalipa nusu palepale. Kazi ikachukua siku kumi na moja. Dirisha la mashariki liliisha siku ya pili, kwa matofali yaliyobaki kwenye ile hesabu ya mia moja kwa kila kaya, na ukimwangalia Bilali alivyolipanga hungejua kama palikuwa na dirisha. Hakuharakisha, hakuchelewesha. Akina mama waliopita kwenda kliniki Mtandale walimsalimia kutoka juu ya bodaboda, naye akaitikia.

Zaitun ana ghala la vyumba saba, la karibu na mashamba kuliko la mpinzani wake yeyote. Mtandale wana kodi, na wanaipangia matumizi Mtandale. Namilungo wana barabara ya kilomita kumi na nne. Bilali alipokea nusu yake ya pili siku ya kumi na moja, akaihesabu mara moja, akasema ahsante, akaosha mwiko.